Asha Wawili

Kwenye kompyuta mpakato ya nyumbani kuna akaunti inayoitwa asha. Kwenye seva ya ofisini kuna akaunti nyingine, nayo inaitwa asha. Mwenye akaunti hizo ni mtu mmoja, lakini kwa mitambo hao ni watu wawili wasiojuana. Windows haimtambui mtu kwa jina linaloonekana kwenye kioo. Humtambua kwa namba ndefu inayoanza na herufi S, na namba hiyo hutolewa na yule aliyeifungua akaunti. Asha wa nyumbani alipewa namba na kompyuta yake mwenyewe. Asha wa ofisini alipewa na kikoa cha kampuni, yaani daftari kuu la watumishi na kompyuta zao linalotunzwa kwenye seva. Majina yanaweza kufanana herufi kwa herufi, nywila nazo zikawa moja, na bado namba zikawa mbili.

Wengi hulijua jambo hili kwa sura yake ya nje tu: kile kidirisha kinachodai jina na nywila, mtu akajaza, kikarudi, akajaza tena, kikarudi tena. Kufikia mara ya tatu anaanza kuishuku kumbukumbu yake. Akiendelea, huenda akaunti ikajifunga yenyewe, kwa sababu seva nyingi hupangwa zimfungie anayekosea mara nyingi mfululizo, na kama ni Jumamosi jioni hakuna wa kuifungua hadi Jumatatu. Mara nyingi nywila ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kilichokosewa ni kile kinachotangulia jina. Programu, isipoambiwa vingine, hudhani anayebisha ni asha wa kompyuta hii, na seva ya ofisini haina habari naye. Dawa yake huwa ni kuandika kikoa kwanza, kisha mkwaju unaolalia nyuma, kisha jina: KAMPUNI\asha. Kwenye mifumo ya sasa huandikwa jina lenye umbo la anwani ya barua pepe, ingawa hapo napo pana mtego, maana jina hilo la kuingilia si lazima liwe ndiyo anwani yenyewe ya barua. Kuna kampuni ambako anwani ni asha.fulani na jina la kuingilia ni namba ya mtumishi. Jambo la busara ni kumuuliza mtu wa IT swali hilo moja kabla ya kutoka ofisini siku ya Ijumaa.

Mwanzoni hapakuwa na Asha wawili. Mwaka 1965, katika chuo cha MIT kule Marekani, Tom Van Vleck na Noel Morris waliandika programu ya kutumiana ujumbe ndani ya CTSS, mfumo uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kubwa kwa wakati mmoja. Barua ilikuwa faili ndani ya eneo la mpokeaji kwenye kompyuta ileile. Kuingia kwenye kompyuta na kuingia kwenye barua lilikuwa tendo moja. Ray Tomlinson naye, mwaka 1971, alipotuma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine katika kampuni ya BBN mjini Cambridge, Massachusetts, alitumia mashine mbili zilizosimama ubavu kwa ubavu, zikiwa zimeunganishwa kupitia mtandao wa ARPANET. Anwani aliyoibuni ilikuwa na jina la mtumiaji upande wa kushoto wa alama ya @ na jina la mashine upande wa kulia. Ilisema waziwazi: mtu huyu, kwenye kompyuta hii.

Kompyuta ndogo za mezani ndizo zilizowatenga Asha hao wawili. Mashine inayozimwa jioni haiwezi kupokea barua ya saa nane usiku, kwa hiyo barua ilibaki kwenye seva isiyolala, na mwenye nayo akawa ni mtu wa kuifuata. Oktoba 1984 ikatolewa kanuni ya kwanza ya POP, na toleo lake la tatu, linalotumika hadi leo, likafuata mwaka 1988. POP ilifikiria mtu mwenye kompyuta moja: nenda kwenye seva, chukua barua, zilete, zifute kule. Kwa mwenye kompyuta mbili mpango huo ni balaa. Mtumishi anaweka akaunti ya ofisi kwenye kompyuta ya nyumbani, hagusi kile kisehemu kinachoagiza nakala ibaki kwenye seva, na Jumatatu asubuhi anakuta kisanduku chake kitupu, barua zote zikiwa sebuleni kwake.

Mark Crispin, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, aliligeuza wazo hilo. Katika IMAP, kanuni aliyoibuni, barua hukaa kwenye seva, na kompyuta huzitazama tu. Iliyosomwa nyumbani huonekana imesomwa ofisini, iliyofutwa huku imefutwa na kule. Katika historia yote ya kufikia barua za kazi kutoka mbali, hakuna uamuzi uliokuwa na uzito kama huu, na Crispin anastahili kujulikana zaidi kuliko anavyojulikana. Aliona mapema kwamba mtu mmoja atakuwa na mashine nyingi, na kwamba kisanduku hakipaswi kuifuata mashine yoyote kati ya hizo.

Maofisi mengi, hata hivyo, yalikwenda njia ya Microsoft. Exchange, programu yake ya seva ya barua, ilianza kuuzwa mwaka 1996, na Windows 2000 ilipokuja na daftari kuu la kikoa, kuingia barua kukawa rahisi ajabu kwa aliyekaa ofisini. Alichapa nywila mara moja tu asubuhi. Nyuma ya urahisi huo kulikuwa na Kerberos, mfumo uliozaliwa MIT katika mradi wa Athena miaka ya 1980. Mtumishi anapoingia kwenye kompyuta ya ofisi, seva ya kikoa humpa tiketi, na kwa tiketi hiyo huomba nyingine za kila huduma anayoitaka: barua, mafaili, printa. Kwa kawaida tiketi ya Windows hudumu saa 10, na saa ya kompyuta ikipishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5, tiketi hukataliwa. Nywila yenyewe haisafiri kwenye waya.

Kompyuta ya nyumbani haimo kwenye daftari hilo, na kwa kawaida haiwezi hata kuifikia seva inayotoa tiketi. Ndiyo maana inauliza. Mtu aliyezoea kufungua Outlook, programu ya barua ya Microsoft, ofisini bila kuulizwa kitu hudhani nyumbani kuna kilichoharibika, kumbe hakuna kilichoharibika. Kule ofisini alikuwa amejibu swali saa mbili asubuhi bila kujua kwamba alikuwa akijibu kwa niaba ya barua pia. Kompyuta mpakato aliyopewa na ofisi ni habari tofauti. Hiyo imo kwenye daftari hata ikiwa kijijini, na Windows huhifadhi kumbukumbu ya watumiaji 10 wa mwisho wa kikoa ili waweze kuingia hata pasipo mtandao. Ina Asha wa ofisini ndani yake. Ya nyumbani ina Asha wa nyumbani tu, na yule mwingine ni lazima atajwe upya.

Kwa miaka kadhaa njia ya kawaida ilikuwa VPN, handaki lililosimbwa linaloifanya kompyuta ya mbali ionekane kama iko ndani ya jengo. Kisha Outlook ya 2003 na Exchange ya mwaka huohuo zikaruhusu mazungumzo yao kupita ndani ya njia ileile inayotumiwa na kurasa salama za wavuti, na VPN haikuhitajika tena kwa barua. Aliyeyasanidi mambo hayo enzi hizo anakumbuka karatasi za maelekezo kutoka ofisini: bonyeza hapa, andika jina la seva, bonyeza pale, weka alama kwenye visanduku viwili. Exchange ya 2007 ikaziondoa karatasi hizo. Mtumiaji aliandika anwani yake na nywila yake, na programu ikajitafutia seva yenyewe, kwa huduma iliyopewa jina Autodiscover.

Hapa pafaa kukaa kidogo, kwa sababu urahisi huu ulikuja kudai gharama yake. Programu hubahatisha. Ikiwa anwani inaishia na kampuni.com.br, itajaribu autodiscover.kampuni.com.br. Baadhi ya programu, zikikosa jibu hapo, zilipanda ngazi moja na kwenda autodiscover.com.br, mahali ambapo kampuni husika haina mamlaka yoyote. Yeyote aliyelinunua jina hilo angepokea wageni wasiomkusudia, wakiwa na nywila mkononi. Watafiti wa kampuni ya usalama Guardicore waliyanunua majina kadhaa ya namna hiyo na kusubiri. Kati ya Aprili na Agosti 2021 walinasa jozi 372,072 za majina na nywila za vikoa vya Windows, na baada ya kuondoa zilizojirudia zikabaki 96,671. Hakuna aliyedanganywa kwa barua ya ulaghai. Watu walikuwa wakifanya walichoelekezwa: andika anwani, andika nywila, subiri.

Mwaka huohuo ulionyesha upande wa pili wa mlango. Tarehe 2 Machi 2021 Microsoft ilitoa viraka vya dharura kwa seva za Exchange ambazo makampuni na taasisi zilikuwa zimeziweka kwenye majengo yao, baada ya kundi la wadukuzi lililopewa jina Hafnium kugundulika likiingia bila nywila yoyote. Bunge la Norway na Mamlaka ya Benki ya Ulaya ni miongoni mwa waliotangaza kuguswa. Seva hizo zilikuwa zimeelekezwa kwenye intaneti kwa sababu ileile inayomhusu Asha: ili watumishi wasome barua wakiwa nyumbani.

Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022 Microsoft ilianza kuzima, kwenye huduma yake ya barua ya mtandaoni, uthibitishaji wa kizamani ambao programu ilibeba jina na nywila kila mara ilipoiendea seva. Programu za zamani zilibaki zikiuliza nywila bila kikomo, na nywila sahihi haikuzisaidia kitu. Badala ya njia hiyo, sasa hufunguka ukurasa wa kuingilia, mtu hujitambulisha pale, huthibitisha kwa simu yake, na programu hupewa tokeni, kibali cha muda. Programu haiijui nywila tena. Tokeni ya kufungulia kisanduku hudumu kama saa moja, na nyingine ya muda mrefu huendelea kuombea mpya, hadi ofisi itakapoikatisha.

Uthibitisho wa hatua mbili ndio kinga iliyobeba uzito mkubwa zaidi katika mabadiliko hayo, na hata waliouhimiza wameonja gharama ya kuukosa. Januari 2024 Microsoft yenyewe ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wamesoma barua za baadhi ya viongozi wake wakuu. Walianzia kwenye akaunti ya zamani ya majaribio iliyosahaulika, isiyo na hatua ya pili, kwa kujaribu nywila chache za kawaida kwenye akaunti nyingi hadi moja ikakubali.

Mijadala ya usalama wa barua za ofisini huishia hapo, kwenye mlango wa seva. Swali lililo zito zaidi kwa mtu wa kawaida ni jingine: baada ya kuingia, kinabaki nini kwenye kompyuta ya nyumbani, na nani mwingine anaweza kukigusa?

Kinabaki kingi. Outlook ya mezani huweka nakala ya kisanduku kwenye diski ili mtu asome hata mtandao ukikatika, na kwenye kompyuta yenye nafasi ya kutosha huanza kwa kushusha barua za mwaka mzima. Nakala hiyo haina nywila yake yenyewe. Nywila na tokeni zilizohifadhiwa, Windows huzifunga kwa ufunguo unaotokana na nywila ya akaunti ya kompyuta. Kwa maneno mengine, Asha wa nyumbani, ambaye seva haimjui kabisa, ndiye anayeishikilia kufuli ya barua za Asha wa ofisini. Akaunti yake ikiwa haina nywila, au nywila yake ikijulikana na nyumba nzima, kufuli hiyo haimzuii mtu. Hali hii inajieleza hata kwenye tukio ambalo huwashangaza wengi: msimamizi wa kompyuta akiibadilisha kwa nguvu nywila ya akaunti hiyo, siri zilizofungwa nayo hupotea, na Outlook huanza kuuliza upya.

Hakuna mfano mkubwa wa jambo hili kuliko kompyuta mpakato ya Anthony Weiner, aliyewahi kuwa mbunge wa Marekani. Wapelelezi wa FBI waliichukua mwaka 2016 kwa ajili ya uchunguzi mwingine kabisa, na ndani yake wakakuta barua nyingi za Huma Abedin, mkewe wakati huo, msaidizi wa karibu wa mgombea urais Hillary Clinton, ikiwemo miaka Clinton alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Tarehe 28 Oktoba, siku 11 kabla ya uchaguzi wa rais, mkurugenzi wa FBI James Comey aliliandikia Bunge kwamba kuna barua mpya za kuchunguzwa. Tarehe 6 Novemba alisema hazikubadilisha uamuzi wa awali wa kutopendekeza mashtaka dhidi ya Clinton. Wanaoamini kwamba barua ile ya Comey kwa Bunge iliyageuza matokeo na wanaokataa wameendelea kubishana tangu siku hizo.

Kinachogusa sura hii ni namna barua zilivyofika kwenye ile kompyuta. Mei 2017 Comey aliwaambia maseneta kwamba Abedin alikuwa na mazoea ya kumpelekea mumewe barua ili azichapishe. Siku chache baadaye FBI ikasahihisha maelezo hayo: nyingi zilifika kwa njia ya nakala rudufu za vifaa vyake, yaani zilijinakili zenyewe, na chache tu ndizo zilizotumwa kwa mkono. Abedin mwenyewe alikuwa amewaeleza wapelelezi kwamba kuchapisha kutoka mfumo wa Wizara kulikuwa na usumbufu, kwa hiyo alizihamishia kwenye akaunti zake nyingine. Mtumishi mwenye kazi nyingi, mfumo wa ofisi usiorahisisha kazi, printa iliyo nyumbani, kompyuta inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Hakuna hata kimoja hapo ambacho ni cha Washington peke yake. Karani wa halmashauri anayejitumia barua ya ofisi kwenye akaunti yake binafsi ili akaichapishe saiba kesho asubuhi anapita njia hiyohiyo, na taarifa za wananchi zilizomo ndani ya barua hiyo zinalindwa Kenya na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023.

Kwa sababu hiyo, shauri la sura hii ni moja na halina gharama: kwenye kompyuta ya nyumbani, barua za ofisi zipewe akaunti yao. Windows, Mac na Linux zote huruhusu kufungua akaunti nyingine ya mtumiaji kwa dakika chache. Iwe na nywila isiyojulikana na mwingine, isiwe na mamlaka ya usimamizi, na ndani yake iwekwe Outlook au programu nyingine ya barua, basi. Watoto wanapoingia kwenye akaunti yao kuangalia katuni, faili za ile nyingine hawazifikii. Wanaotumia kompyuta kwa mamlaka ya msimamizi bado wanaweza kuzifikia, na anayeitoa diski na kuichomeka kwingine pia, kwa hiyo ni vyema diski nzima isimbwe. Mpango huu unazistahi pande zote mbili: mwajiri hapotezi barua zake, na mtumishi halazimiki kuigeuza kompyuta ya familia kuwa mali ya kampuni.

Hilo la mwisho si hofu ya bure. Mtu anapoongeza akaunti ya kazi kwenye Windows, huulizwa kama anairuhusu taasisi kukisimamia kifaa chake, na alama ya kukubali huwa imeshawekwa tayari. Wengi hubonyeza ili wapite. Kwenye simu jambo hili liliumiza zaidi, kwa kuwa utaratibu wa zamani wa kuoanisha barua za Exchange ulimpa msimamizi uwezo wa kuifuta simu nzima kutoka mbali, picha za harusi na za watoto zikiwemo. Siku hizi kuna ufutaji unaogusa akaunti ya kazi peke yake, lakini ni uamuzi wa ofisi kuutumia. Mtumishi ana haki ya kuuliza, kabla hajabonyeza, ofisi yake inatumia upi.

Kwa anayehitaji kusoma barua mbili tatu tu, kivinjari kinatosha na kinaacha kidogo. Outlook ya wavuti ya miaka ya Exchange 2007 ilimuuliza mtu kama yuko kwenye kompyuta ya umma au yake binafsi. Ya umma ilimtoa baada ya dakika 15 za kimya, ya binafsi baada ya saa 8. Hata hapo kiambatisho kilichofunguliwa hubaki kwenye folda ya vilivyopakuliwa, na hapo ndipo anayekaa kwenye kiti hicho baadaye hukikuta.

Siku mtumishi anapoacha kazi, ofisi huifunga akaunti ya seva, na tokeni hazijibiwi tena. Nakala iliyo kwenye diski ya nyumbani haifutiki kwa kitendo hicho. Aliyezichanganya barua za ofisi na akaunti yake ya kila siku ataanza kazi ya kusaka faili moja moja. Aliyezitenga hufungua mipangilio, huichagua ile akaunti, na Windows humwuliza kama aiondoe pamoja na data yake yote.